Chewa Aliyekwenda Kwaluguru

Sijawahi kuwa mtu wa kutulia, na safari ile nilizidi. Land Rover ilibeba watu wawili, dereva na mimi, na nyuma pipa la maji ya bahari lenye chewa mmoja. Kila tuliposimama nilipanda kumpulizia hewa kwa pampu ya baiskeli. Pale Kabuku dereva alinunua chapati, akala yake, kisha akala na yangu.

Nilikuwa mfanyakazi wa nyumba ndogo ya samaki kule Tanga, vyumba viwili vyenye matangi ya kioo. Tuliuguza samaki walioumizwa na baruti za wavuvi, tukaandika kwenye daftari nani anakula na nani bado anaogelea upande, na wanafunzi walikuja kutazama na kujifunza. Chewa huyu aliletwa akielea tumbo juu. Nilimlisha kwa mkono kwa miezi, mpaka akaweza kushuka chini mwenyewe. Nilimpenda, sisemi uongo. Tulikuwa tumekubaliana kazini kwamba tukirudi kutoka safari hii anaachiwa baharini.

Wazo la kumpeleka bara kwanza lilikuwa langu. Elimu ya watu wazima ilikuwa imepamba moto, nami nilichoka kuchekwa kijijini kwetu Kwaluguru kwamba nimesomeshwa ili niwe yaya wa samaki. Nilitaka wamwone. Korogwe mambo yalikwenda vizuri. Shule nzima ilipanga foleni, na nikamaliza maji ya bahari niliyobeba ya akiba kumbadilishia.

Kwaluguru tulilishusha pipa kivulini, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama. Mwenyekiti wa kijiji alichungulia ndani akacheka.

"Mgeni siku mbili, binti. Ya tatu tunampa jembe!"

Kisha akanichukua kwenda kuwasalimia wazee. Nikamwambia Bibi, "Shikamoo tena Bibi, niangalizie samaki wangu," nikaondoka bila kueleza neno lingine. Salamu zikawa ndefu. Nilikaa kwenye kigoda roho juu, nikijibu habari za shamba huku nikitazama mlango.

Niliporudi niliona ardhi imelowa. Bibi na wanawake watatu walikuwa wamesimama kando ya pipa wakitabasamu, madebe yao matupu miguuni.

"Mjukuu wangu, uliyompa ni maji machungu," Bibi alisema. "Nimeyaonja. Tumeyamwaga, tumemtilia yetu, matamu."

Tangu tuhamishiwe kijiji cha Ujamaa kando ya barabara, kisima chetu cha zamani kilibaki mwendo wa asubuhi nzima. Nilijua hilo. Nilijua pia kwamba kwetu mgeni hupewa maji kabla ya kuulizwa lolote. Lakini chewa alikuwa amelala ubavu, na mimi nikampigia Bibi kelele mbele za watu.

"Mmemuua! Nani kawaambia mguse?"

Nikakimbilia duka la kijiji, nikarudi na chumvi yote waliyokuwa nayo, nikaimwaga ndani ya pipa, nikakoroga kwa mikono. Dereva alipuliza hewa mpaka jasho likamtoka. Chewa alifungua mdomo mara mbili tatu, basi. Nilimshika muda mrefu baada ya kufa, kwa sababu sikujua mikono yangu niifanyie nini.

Bibi alichovya kidole kwenye pipa akakiramba.

"Sasa hata mbuzi hawatayagusa," alisema taratibu.

Ndipo nilipoona nilichofanya. Maji yale yangefaa kufua, kunywesha mifugo, kumwagilia miche. Siku ile nyumba nne zilikula mihogo ya kuchoma, kwa kukosa maji ya kupikia. Hakuna aliyenilaumu. Ingekuwa afadhali wangenitukana. Niliona aibu ambayo sijaimaliza mpaka leo.

Alfajiri Bibi alijitwika debe lake. Nikachukua jingine nikamfuata. Njia nzima nilitaka kumwomba radhi, na kila nilipofungua mdomo aliongeza mwendo. Tulipofika kisimani alichota kata ya kwanza, akanipa kwa mikono miwili, kama apewavyo mgeni.