Matanga Mbele ya Televisheni

Harufu ya mtori ndiyo hunirudisha kule. Ndizi mbichi zilizonunuliwa kwa Wasalvador pale barabara kuu, nyama ya mfupa, vitunguu, na ubaridi wa ile mashine ya dirishani iliyotetemeka kama mgonjwa wa malaria: changanya hayo yote katika sebule ya ghorofa ya pili, Riverdale Park, Marekani, mwezi wa sita, mwishoni mwa miaka ya tisini, utaipata jioni tamu kuliko zote za utoto wangu. Wenzangu utoto wao una miti waliyopanda na mito waliyoogelea. Wangu una zulia. Nililijua zulia la sebuleni kama mkulima anavyolijua shamba lake, kwani nilikuwa na miaka kumi na miwili na sikuona sababu ya kutoka nje ilhali nje yenyewe ilionyeshwa kwenye televisheni. Mpira wa kikapu, hasa. Mimi niliyeshindwa kurusha soksi chafu ikaingia kapuni, nilikuwa bingwa wa kuwasahihisha makocha.

Adui yangu aliitwa Anko Temba. Hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa rafiki wa baba, dereva wa basi la wanafunzi katika chuo kimoja cha jirani. Yeye Mchaga, sisi Wapare, kwa hiyo ni watani. Asiyeujua utani ataona ni wazimu. Mtani atakutukana mchana kweupe, atasema kwenu mnaota makande usingizini na mnapenda kesi kuliko chakula, nawe huna ruhusa ya kukasirika. Unacheka, unampakulia chakula. Hata msibani mtani ana mamlaka yake. Humwigiza marehemu, hujilaza njiani jeneza lisipite, na hanyanyuki mpaka apewe alichodai.

Siku ya Pasaka, mbele ya nusu ya Watanzania wa Maryland, Anko Temba alijitanda kanga ya mama, akanyata kutoka jikoni hadi kwenye kochi, akaishika rimoti kwa vidole viwili na kusema kwa sauti yangu hasa, "Mama, jua linaniuma." Watu walicheka hadi wengine wakatoka nje kukohoa. Tangu hapo nikawa Mwali, msichana wa kufungiwa ndani. Kanisani Mwali, dukani Mwali. Hata Dada Wambui, muuguzi Mkenya wa ghorofa ya juu aliyekuwa akinipenda, alinipokea ngazini na, "Sasa Mwali, leo umeachiliwa?" Nikacheka, kwa sababu ndiyo sheria. Nilicheka, nikaweka akiba.

Jina ningelivumilia. Lakini Anko hakutosheka. Alimshawishi baba nipelekwe kambi ya michezo huko upande wa Manassas, kiangazi kizima, kulala kwenye hema na kukimbia asubuhi kabla ya chai. "Mtoto anaota ukungu, shemeji," alimwambia mama. Baba alianza kutikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyekwisha kukubali. Wakati huohuo Anko alikuwa akijigamba kuhusu kijana mmoja wa pale chuoni, mrefu mpaka anainama kuingia basini, ambaye angeitwa jioni ile ya mwezi wa sita timu za kulipwa za kikapu zinapoteua wachezaji wapya, mmoja baada ya mwingine. "Ataitwa raundi ya kwanza," alisema. "Mrefu vile, na ana heshima. Hapandi basi bila kunisalimia. Kijana anayesalimia hawezi kuachwa."

Hapo nikaona mlango. Nilikuwa nimemtazama yule kijana majira yote ya baridi. Alikuwa na mkono mmoja tu wa maana, na kila beki alikwisha kuligundua hilo. Wachambuzi hawakumtaja hata kwa bahati mbaya. Anko hakuyajua hayo kwa sababu jioni zote za mechi alikuwa kwenye usukani. Nikasema mbele ya baba: akiitwa raundi ya kwanza, nitakwenda kambini bila kununa. Asipoitwa, kambi ife, na jina la Mwali life nayo. Anko alicheka kiasi cha kufuta machozi. "Mpare anataka kesi! Haya, funga begi lako, Mwali."

Alijiamini hata akaalika watu na kuupika mtori mwenyewe, kwetu, kwenye sufuria yetu. Mzee mmoja wa tai alipopanda jukwaani kwenye televisheni kutaja jina la kwanza, Anko alikuwa amesimama na upawa mkononi. Halikuwa la kijana wake. "Bado," akasema. La pili, la tatu. "Bado, bado." Ilipofika zamu ya timu ya mji wetu, aliwanyamazisha watu wote, akavuta pumzi, na likasomwa jina la kijana mwingine kabisa, aliyevaa suti ya krimu, mama yake akilia pembeni. "Wamekosea karatasi," Anko alisema. Dada Wambui akaguna, "Aki Anko, huyo wako hata hajaonyeshwa kwa TV." Nilikaa kwenye zulia langu kama paka mbele ya tundu. Jina baada ya jina, upawa ulishuka, ukatua mezani. Raundi ya kwanza ikaisha.

Ndipo nikanyanyuka. Nilichukua kanga ileile ya Pasaka, nikaifunika televisheni kama maiti, nikajilaza mbele yake na kupiga ukunga. "Uwiii, kijana wetu! Alikuwa anasalimia huyu! Nani atamsalimia dereva sasa?" Nililia kwa sauti ya Anko, kwa lafudhi ya Anko, nikipiga zulia kwa kiganja. Dada Wambui aliteremka kwenye kiti kwa kicheko akakaa chini. Anko alimtazama baba, akitafuta hakimu. Baba akasema, "Usinitazame mimi. Mtani ni mtani, hata akiwa wa kubebwa. Mpe anachodai, maiti ipite." Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: uso wa Anko ulikuwa unatafuta kicheko na haukijui kilipo.

"Hakuna kambi," alisema. Sikunyanyuka. Nikaongeza kilio. "Nakiete," akasema, jina langu la ubatizo, kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, "mtani wangu, nakuomba unyanyuke." Nikanyanyuka polepole, kama malkia, akanipakulia bakuli la kwanza kabla ya wageni, mnofu juu. Mama peke yake aliuliza yule kijana alikuwa amekaa wapi saa ile, na nani. Nikachota kijiko cha kwanza. Mtori ulikuwa wa moto.

Msisubiri niseme nilijuta. Mpaka leo, nikiwa mama mzima ninayefanyia kazi nyumbani na kuletewa hata nyanya mlangoni, sijajuta. Anko alirudi Jumapili iliyofuata na matusi mapya, akala, tukacheka. Siku hizi usiku wa uteuzi naufuata simuni. Namwandikia mtu nisiyemjua, shabiki wa timu nyingine, maneno ambayo Anko asingeyathubutu. Ananijibu makali zaidi, kisha ananifungia nisimwandikie tena. Nimemshinda, nadhani. Nabaki nimejilaza kwenye kochi, mshindi kamili, na hakuna wa kuniomba ninyanyuke.