Mvua ya Kwanza na Ukasisi wa Yeremia

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa kutembea. Msicheke. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na shamba la uwele, nimechunga ng'ombe wa baba yangu kutoka Mkonze mpaka mbugani na kuwarudisha, na bado Bwana Mkuu alinisimamisha kwenye mlango wa magharibi akaniambia kwamba kutembea sijui.

"Polepole, Elia," alisema. "Unamtangulia Askofu, hufukuzi fisi."

Bwana Mkuu alikuwa kasisi wa Kizungu aliyepewa kusimamia kanisa kuu letu, na chini ya Askofu hapakuwa na mwenye sauti kumzidi. Kazi yangu iliitwa utunzaji wa kanisa. Mtunza kanisa ndiye anayebeba fimbo nyeusi yenye kichwa cha shaba mbele ya maandamano, anafungua milango na kuifunga, anatandika Meza ya Bwana, anafukuza popo, na anagonga kengele. Kengele yenyewe ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa nje. Wageni waliotoka mjini walikuwa wakishangaa kuambiwa kwamba lile jengo la matofali ya udongo, katikati ya miiba na vumbi, ni kanisa kuu. Niliwaeleza hadi nikachoka: kanisa haliwi kuu kwa ukubwa wake, linakuwa kuu kwa sababu kiti cha Askofu kimo ndani. Kiti tulikuwa nacho. Mengine yote tuliyangoja.

Paa letu kwanza lilikuwa la nyasi, na mchwa wakalila. Bwana Mkuu akaleta mabati, na fundi wa Kihindi kutoka mjini akaja kuyapiga. Mtu mpole sana yule, Mwislamu, lakini alilihurumia kanisa letu kuliko sisi wenyewe. Alipomaliza alishuka ngazi, akafuta jasho, akasema, "Bwana Mkuu, weka dari chini ya bati. Bila dari, mvua ikinyesha hutasikika."

Bwana Mkuu akatazama juu, mbingu nyeupe, hata wingu la kusingizia hakuna. "Fundi," akajibu, "hapa Ugogo mvua hainyeshi."

Basi tukakaa bila dari. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mtu anaweza kuishi mahali miaka mingi asifike.

Katikati ya miaka hiyo nilihamishwa kwenda Ihumwa kusaidia kanisa dogo karibu na reli. Kasisi wa huko, mnene, mpenda usingizi wa mchana, alinipa agizo moja tu la maana: "Ikinyesha ile ya kwanza, Elia, fungua milango, na wewe nenda kapande." Wenzake walimsema kuwa ni mvivu. Mimi naona alikuwa ameitazama nchi. Kwetu mvua ya kwanza haibembelezwi. Watu huwa wameshafyeka mashamba, kazi wanayoiita kuberega, na mbegu ziko tayari kwenye kibuyu. Ardhi ikilowa tu, wanachimba mashimo kwa jembe na kudondosha mbegu, hata ikiwa siku ya msiba. Ukisema utapanda kesho, kesho udongo umeshakauka, na mvua nyingine hujui itakuja lini. Watu wa wakati ule walikuwa wameshazika watoto kwa njaa. Hawakuhitaji kuhubiriwa juu ya jambo hilo.

Niliporudishwa kanisa kuu nikamkuta Yeremia bado ni shemasi. Shemasi ni ngazi ya chini ya ukasisi: anahubiri na anazika, lakini Ushirika Mtakatifu hawezi kuuadhimisha. Huyu Yeremia alikuwa amemwoa dada yangu Esta, na angekuwa kasisi wa kwanza kutoka katika vijiji vyetu. Alikuwa anajua Maandiko, anajua wagonjwa wote kwa majina na kwa milango yao. Mwaka uliotangulia ilikuwa awekewe mikono awe kasisi. Lakini mvua ya kwanza ilimkuta darasani kwa Bwana Mkuu, naye akaomba ruhusa, akaenda kupanda kabla ruhusa haijatoka. Bwana Mkuu akamrudisha nyuma mwaka mzima. "Amependa uwele kuliko wito," alisema. Esta alilia jikoni kwangu. Mimi sikulia, nilikasirika, na hasira ile haijaisha vizuri mpaka leo.

Sasa sikilizeni alichofanya Bwana Mkuu. Askofu alikuwa mzee, anarudi kwao baada ya Krismasi, na hakuna aliyejua mwingine atakuja lini. Kwa hiyo Yeremia lazima awekewe mikono kabla Askofu hajaondoka. Miezi ilikuwepo tele, mikavu, yenye nafasi. Bwana Mkuu akachagua Jumapili ya Desemba.

Nikamfuata kwenye chumba cha kuvalia. "Bwana Mkuu, Desemba ni mvua."

"Mvua iko mikononi mwa Mungu, Elia."

"Ndiyo, Bwana. Lakini majembe yako mikononi mwetu."

Alinitazama kama mtu anayeokota nzi kwenye chai. "Siku ya Bwana hakuna jembe. Na mwambie shemeji yako: akitoka safari hii, atabaki shemasi mpaka azeeke."

Nikamwambia. Ningefanya nini? Yeremia akasema, "Sitatoka, shemeji." Esta alikuwa mjamzito mwezi wa mwisho, hawezi kuinama. Mama yake Yeremia alikuwa mkongwe. Kwa maneno mengine, ikinyesha siku ile, shamba lao halina mtu.

Jumapili ile mawingu yalikuwepo tangu alfajiri. Nilipotoka kugonga reli, nikaona majembe yameegemezwa ukutani, upande wa nje, kutoka mlangoni mpaka kwenye kona na kuzunguka kona. Nikaingia ndani: vibuyu vya mbegu chini ya mabenchi. Watu wamevaa nguo safi, wananiamkia, "Mbukwenyi," na mimi naitikia.

Maandamano yakaingia, mimi na fimbo yangu mbele, makasisi na Askofu nyuma, polepole, sifukuzi fisi. Bwana Mkuu akapanda mimbarani. Alikuwa bado anaeleza utii ni nini tone la kwanza lilipogonga bati. Kisha la pili. Kisha mbingu ikafunguka, na Bwana Mkuu nikawa namwona midomo tu.

Walianza wanawake wa nyuma. Walitoka kwa adabu, siwezi kuwasingizia. Kila mmoja aliinama kuelekea Meza ya Bwana, akachukua kibuyu chake, akatoka. Wakafuata wanaume. Kisha kwaya, na kanzu zao. Mke wangu alipita mbele yangu bila kunitazama. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa sababu mlango ni kazi yangu, na kule mimbarani Bwana Mkuu alinyoosha kidole kwangu na kupiga kelele. Niliyaona maneno yenyewe midomoni mwake: "Funga mlango!"

Lakini bati lile alilokataa kuliwekea dari lilikuwa linanguruma. Mimi ni mtumishi, nafanya ninaposikia agizo. Sikusikia. Nikaweka jiwe mlango usijifunge kwa upepo.

Mabenchi yalipobaki matupu, Yeremia alikuwa bado amepiga magoti mbele, kanzu nyeupe, mgongo umenyooka. Maji yalikuwa yanashuka nje kwa neema ambayo tuliililia tangu Pasaka, na yeye hakugeuza hata kichwa. Nilimwonea uchungu.

Askofu akasimama kutoka kwenye kiti chake, akaniita kwa mkono. Nikamfuata, akaniwekea mdomo sikioni.

"Wamekwenda wapi?"

"Kupanda, Baba Askofu."

"Watarudi?"

Nikasema watarudi. Kwa kweli sikuwa na uhakika.

Bwana Mkuu alikuwa amefika, uso mwekundu. Wakazungumza kwa kupigiana kelele masikioni, na mimi katikati na fimbo, kwa hiyo nilisikia pande zote mbili. Bwana Mkuu alitaka ibada iendelee vivyo hivyo, watu waliodharau siku ya Bwana wafungiwe nje ya Ushirika. La sivyo, iahirishwe.

Askofu akafungua kitabu chake akamwonyesha mahali. Katika ibada ile, kabla ya kumwekea mtu mikono, askofu sharti awageukie watu awaulize kama kuna anayejua kizuizi chochote juu yake. Akapaza sauti, "Nitamwuliza nani, kaka? Mabenchi?"

Akarudi kwenye kiti akakaa, mikono juu ya magoti. Bwana Mkuu akakaa. Yeremia alipoambiwa na yeye aende akapande, alitikisa kichwa. Alikuwa ameahidi. Tukangoja. Sijawahi kuchoka na ibada kama siku ile: Askofu, makasisi, shemasi mmoja, wote tumekaa tunasikiliza bati.

Mvua ilikatika mchana. Tukangoja tena, na kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko kelele. Bwana Mkuu alitoa saa yake mfukoni, akairudisha, akaitoa. Nikaanza kuwalaani moyoni wale watu wangu mwenyewe, maana mashamba mengine yalikuwa karibu kabisa, wangekuwa wameshamaliza. Hata mke wangu hakuonekana.

Kisha nikawasikia. Walikuja wote kwa pamoja kutoka upande mmoja, upande wa kwa Yeremia, matope mpaka magotini. Wakaegemeza majembe ukutani na kuingia. Sakafu niliyokuwa nimeisugua tangu Ijumaa ikawa zizi. Kanisa likajaa kuliko asubuhi.

Askofu akasimama, akawageukia, akawauliza kama kuna mtu anayejua kizuizi chochote cha kumzuia shemasi huyu kuwa kasisi. Hapo watu hutakiwa kunyamaza, na kunyamaza kwao ndiyo ridhaa. Lakini mama yake Yeremia hakuwa msomi wa taratibu. Alisimama, ameshika benchi.

"Baba Askofu," alisema, "tumechelewa kwa sababu tulianza na la kwake. Hawa wote. Wamepanda la kwake kwanza."

Ndipo Yeremia alipogeuza kichwa. Alilia mbele ya watu wote, mtu mzima, na Askofu akamngoja amalize, kisha akamwekea mikono. Bwana Mkuu naye aliweka ya kwake, kama desturi inavyotaka makasisi wote wafanye. Baadaye alinipita mlangoni, akatazama sakafu, akasema, "Hii utaisafisha, Elia." Nikaisafisha, peke yangu, siku nzima ya Jumatatu.

Shamba langu halikupandwa. Mke wangu aliniambia mvua ilikatika wakiwa bado kwa Yeremia, wakarudi moja kwa moja kanisani, kesho yake udongo ulikuwa umeshakauka, na mvua iliyofuata ilichelewa mno. Mwaka ule tulikula uwele wa Kasisi Yeremia. Alituletea mwenyewe, gunia begani, na mimi nikalipokea.

Sasa nimestaafu. Fimbo anayo mwingine, naye anatembea kama anafukuza fisi. Yeremia tumeshamzika. Dari mliweka hatimaye, ninyi vijana wa kamati, na vipaza sauti mmefunga, nashukuru. Juzi mkaja kwangu, shikamoo babu, mkanionyesha siku mliyoichagua kuwawekea mikono mashemasi wapya, na mkaniuliza maoni yangu. Desemba! Nikawatazama, nikakumbuka yule fundi alivyofuta jasho chini ya ngazi.

Siwabishii, nimeshazeeka. Nawaambia la mlango tu. Ule wa magharibi hujifunga wenyewe kwa upepo wa mvua. Jiwe langu bado liko pale pale, nyuma ya mlango. Mkisikia tone la kwanza, liwekeni.