Mafuta Niliyoyapaka Mlangoni kwa Anti Savi

Nakumbuka Jumatano moja asubuhi, mwanangu, nimepiga magoti mbele ya mlango wa watu pale South Beach, hapa Durban, chupa ya mafuta ya upako mkononi, natazama kushoto na kulia kama mwizi wa kuku. Leo unaniona nafundisha yoga, watu wananiita mwalimu, unadhani nilizaliwa nimekunja miguu. Ngoja nikwambie nilivyoanza. Na usicheke kabla sijamaliza.

Wakati ule nilikuwa nasuka nywele katika saluni mjini, nyuma ya duka la simu. Kusimama tangu saa mbili asubuhi mpaka jua linazama. Mgongo ulikuwa umenimaliza. Kuna mteja nilimmalizia kichwa huku goti langu moja liko juu ya kiti, na mwenye saluni alishaanza kuniangalia kwa jicho lile la kusema huyu hafiki Desemba. Kwetu Bukavu, Kongo, sikuwa na mtu wa kumrudia. Nikishindwa kusimama, nimekwisha.

Basi siku moja akaja mama wa Kihindi, mzee wa miaka sabini hivi, ameleta simu yake itengenezwe. Wahindi wa Durban ni wenyeji, babu zao walizaliwa hapa, na mama wa umri ule kila mtu anamwita Anti. Huyu aliitwa Anti Savi. Alikaa akisubiri simu, akanitazama weee, kisha akaniambia kwa Kiingereza, "Binti, wewe unafanya kazi bila kupumua." Akanialika kwenye darasa lake la yoga, katika chumba cha chini cha jengo la maghorofa, Jumatatu na Jumatano kabla ya kazi. Bure.

Hilo neno bure ndilo lililonitia wasiwasi. Mimi nilifika nchi hii mwaka 2008, mwaka tuliofukuzwa sisi wageni majumbani mwetu. Jirani aliyekuwa ananisalimia kila asubuhi ndiye aliyewaonyesha waliotufukuza mlango wangu. Tangu hapo mtu akinichekea, natafuta kisu kiko mkono gani.

Lakini maumivu hayana aibu, nikaenda. Nikainama walivyoinama, nikapumua walivyopumua. Baada ya miezi michache mgongo ukaanza kufunguka, na cha ajabu, kadiri nilivyopona ndivyo nilivyozidi kumshuku. Dawa gani hii isiyomezwa wala kupakwa? Pembeni ya chumba kulikuwa na taa ndogo ya mafuta. Kabla ya kila somo Anti aliiwasha, akaunganisha viganja, midomo ikachezacheza. Anasema nini pale? Anataja jina langu? Sikumwondolea macho. Akiweka mguu, naona. Akigeuza kidole, naona.

Nikampelekea habari Mama Furaha. Huyu ndiye aliyenipokea Durban, nikalala chini kwake miezi mingi, na ndiye aliyeongoza kikundi chetu cha maombi. Nilijua atanikataza kurudi kule.

"Weye Neema," akaniuliza, "ile taa iko ya nini?"

"Sijui, mama."

"Umemuuliza mwenyewe?"

"Hapana."

"Basi kamuulize. Unakuja kuniuliza mimi, mimi niko na taa?"

Sikupenda jibu lile. Kama Anti ni mwongo, si atanidanganya? Mjinga mimi, nikajiona nina akili kuliko wote. Nikachota mafuta ya upako kwenye rafu ya Mama Furaha, yale aliyowapaka wagonjwa akiwaombea, nikayatia kwenye kichupa. Ikiwa kuna kitu kibaya chumbani mle, kisivuke mlango kunifuata.

Ndiyo Jumatano yenyewe sasa. Ma Zodwa, mama wa Kizulu aliyefanya usafi katika jengo lile, alikuwa amemaliza kupiga deki. Alinifungulia kwa moyo mweupe, akapanda juu na ndoo yake. Nikapaka miimo ya mlango. Nikachora msalaba kwenye kigae cha kizingiti. Mara nikasikia lifti inafunguka. Mkono ukashtuka, nusu ya chupa ikamwagika. Nikafuta haraka kwa pindo la kitenge, nikaingia ndani, nikajilaza kwenye mkeka macho yamefungwa kama malaika.

Anti alivua viatu nje kama kawaida yake. Nilisikia kishindo, halafu nikasikia anavyovuta pumzi. Kifundo cha mkono kilivunjika.

Msimamizi wa jengo alikuja, akagusa kigae, akasema hii ni polishi. Akamwita Ma Zodwa. Yule mama akaapa kwamba ametumia maji na sabuni tu. Hakusikilizwa. Aliambiwa arudishe funguo Ijumaa saa sita mchana, kazi basi, na kwa kazi ile alikuwa analea wajukuu wanne. Alilia mbele yetu wote. Nami nimesimama pale, kichupa kimenibana ndani ya sidiria, kisha nikaenda zangu kazini.

Kesho yake Anti akanipigia simu. "Jumatatu utafundisha wewe," akasema. "Darasani kwangu hakuna anayenitazama kwa makini kama wewe." Eish, mwanangu! Nilikuwa namtazama kwa sababu namshuku! Kila mkao wake niliushika, kila pumzi niliihesabu, nikisubiri nimkamate. Ndivyo nilivyojifunza yoga. Niliona haya.

Jioni nikamwambia Mama Furaha yote. Nilitaka anigombeze, nilie, anisamehe, tumalize. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ile Ijumaa iko lini?" Nikasema kesho. Akasema, "Basi kesho asubuhi tunaenda." Na kweli, asubuhi tukapanda taksi mpaka Isipingo, nyumbani kwa Anti, Mama Furaha mbele, mimi nyuma.

Anti alisikiliza mpaka mwisho, mkono umefungwa plasta. Kisha akasema taratibu, "Kwa taa ile nawakumbuka marehemu mume wangu na mwalimu aliyenifundisha. Nawaambia asante. Ungeuliza, ningekujibu siku ya kwanza." Nikaanza kuomba msamaha, akaninyamazisha kwa mkono mzima. "Mafuta hayanikasirishi. Uliogopa, basi. Siku hizi mbili ndizo zinanikasirisha. Umemwona mwenzako analia, ukaenda zako kazini. Sasa ondoka hapa. Saa sita haitakusubiri."

Tulimkuta Ma Zodwa ofisini kwa msimamizi, funguo ziko mkononi. Nilisema yote mbele yao wote wawili. Msimamizi alinifokea vizuri sana, akamwambia mama abaki na kazi yake. Ma Zodwa akaniambia neno moja tu. "Uliniona nalia." Akatoka.

Jumatatu nikafundisha. Na tangu siku hiyo, mwaka mzima, kila nilipofika Ma Zodwa alishuka na kitambaa kikavu, akafuta kizingiti upya, akinitazama mikono. Namsalimia, haitiki. Nikamlalamikia Anti. Akasema, "Mwache afute."

Hadi asubuhi moja Ma Zodwa akanisimamisha mlangoni. "Leo umebeba nini kwenye huo mfuko?"

Nikaufungua. Mkeka, chupa ya maji, mkate na siagi. Akachungulia, akapekua mpaka chini, akaunusa mkate, kweli akaunusa! Halafu akanisalimia kwa Kizulu chake, "Sawubona, Neema." Nami nikalia palepale, kwa sababu yule mama alinishuku kwa haki kabisa, na bado aliniuliza mimi mwenyewe, kwa mdomo wake. Jambo dogo vile, mimi lilinishinda miezi sita.

Kwa hiyo, mwanangu, sikwambii usishuku watu. Mimi mwenyewe nashuku hadi leo. Hata wewe nimekutazama vizuri ulipoingia. Ugenini ukiamini kila mtu utaumia. Lakini ukiwa na shaka, mpelekee unayemshuku, umuulize mchana, uso kwa uso, akujibu. Usiipake gizani moyoni mwako ikamwangushe mtu mwingine. Na woga wako ukimuumiza mtu, sema siku ileile. Usingoje akili zitulie, mwenzako anarudisha funguo.

Mungu akupe mdomo wa kuuliza. Akulindie mgongo na mikono yako ya kazi. Akupe wazee wa kukukasirikia bila kukufukuza. Na wale wenye haki ya kukushuku, akupe uvumilivu wa kuwasalimia kila asubuhi, mpaka siku watakayoitika.