Siku Mfumo Wangu Uliponiita Mwizi

Kuna aibu mtu unazifukia zikaoza, na kuna aibu hazifukiki kwa sababu zimeshaingia kwenye simu za watu. Hii yangu ni ya aina ya pili, kwa hiyo bora niwasimulie mwenyewe kuliko mje kuisikia Chang'ombe, maana kule wanaitia chumvi (na wallahi haina haja ya chumvi, ilikolea tangu jikoni).

Mie natengeneza mifumo ya kompyuta, naishi Goba, kwenye vile vilima ambavyo mvua ikinyesha tu bodaboda anakwambia "sista, mwisho wangu hapa," unavua viatu unamalizia kwa miguu. Mjomba wangu, Mjomba Nandonde, ni mchongaji wa vinyago vya Kimakonde, ana karakana yake Chang'ombe, na alikuwa anachonga kabla mie sijazaliwa. Sasa siku moja niko zangu kitandani nacheza mchezo kwenye simu, nafika kwenye lango la ngome, namkuta mlinzi wa lango ni shetani wa kuchongwa wa Mjomba! Yule yule, mwenye sikio moja, maana la pili lilimvunjikia Mjomba mwenyewe akaamua kuliacha hivyo. Kumbe kuna mtu alikipiga picha kile kinyago pande zote, akakigeuza kuwa kinyago cha kwenye kompyuta, akakiuza huko duniani. Nikampelekea Mjomba simu aone. Akaitazama weee, halafu akasema, "Sasa huyu analinda ngome ya watu, na mimi niliyemchonga nani ananilinda?"

Neno lile liliniuma. Ndipo nikaanza kutengeneza mfumo wangu. Kwa maneno mepesi ni hivi: wachongaji wanatupa vinyago vyao, tunavigeuza wenyewe kuwa vya kwenye kompyuta, tunaviweka ghalani huko mtandaoni, na kila kimoja kina alama ya siri ndani yake, kwamba kikienda popote mfumo unakifuata kwa macho. Anayetaka kufungua ghala ni lazima mfumo uutambue uso wake. Ukiona uso usiojulikana mara tatu, unaupiga picha, unaituma kwa wachongaji wote na kupiga kengele. Na kengele yenyewe sikutaka iwe ti-ti-ti za kizungu. Nikaenda karakana nikamrekodi Mjomba, akiwa na tezo mkononi, anapiga ukunga kwa moyo wake wote: "Mwizi! Mwizi jamani! Anachukua vinyago! Mkamateni!"

Uvumbuzi ule nikauombea hataza, ile haki ya serikali kwamba kitu hiki umekibuni wewe na mwingine haruhusiwi kukiiga. Nilisubiri mpaka nikasahau kama nasubiri, halafu ikatoka. Mama alitangaza mtaa mzima kwamba Tausi kapata hataza, na jirani mmoja akaja na uso wa huzuni akauliza, "Pole mama, madaktari wanasemaje?"

Basi ikapangwa siku ya kuuonyesha mfumo kwa wachongaji, kwenye ukumbi mmoja uliopakana na gereji pale Chang'ombe. Na hapo ndipo palikuwa na mambo yangu yote, kwa sababu wachongaji walikuwa hawajaamua kama watatukabidhi vinyago vyao (na mtu aliyeibiwa mara moja hakuamini kirahisi, hata kama ni mpwa wa rafiki yake), halafu alikuwa anakuja Bi Rehema, mama mmoja mwenye kampuni ya michezo ya simu, ambaye alikuwa tayari kuvitumia vinyago vile kwa kulipa, ila kwanza aone kama ulinzi wangu ni wa kweli au ni maneno.

Asubuhi ya siku hiyo nikafanya uamuzi mmoja mdogo tu. Nilipita saluni kwa rafiki yangu Zuhura, nia yangu kuchana nywele basi, lakini Zuhura akanitazama kama mtu aliyeona mboga imelala. "Shoga, unaenda kusimama mbele za watu na uso huo? Na hataza yako yote hiyo?" Nikamwambia haya, niweke vizuri kidogo. Kidogo ya Zuhura mnaijua nyie? Alinipaka rangi tabaka juu ya tabaka, akanichongea pua nyembamba ambayo kwenye ukoo wetu haijawahi kutokea, akanibandika kope kama fagio la chelewa, wigi la dhahabu, na (hapa ndipo nilipojimaliza) akanitia lenzi za macho za kijivu. Nilipojitazama kwenye kioo nilikaribia kusema shikamoo. Nilipofika, Mama alinipita mlangoni mwa ukumbi, akaniambia "Habari yako binti, umemwona Tausi?" Mie nikachukulia ni sifa.

Ukumbi ukajaa. Mjomba kakaa mbele na kanzu nyeupe, Mama pembeni yake, Bi Rehema na kijana wake wa kupiga picha, na wachongaji nyuma yao, simu zao mkononi, maana wote nilishawaunganisha kwenye mfumo. Kompyuta nikaiunganisha na projekta ya ukutani, na simu yangu na spika za ukumbi ili kengele isikike vizuri nitakapoionyesha. Nikashika maikrofoni nikasema kwa madaha, "Ghala hili halifunguki kwa yeyote isipokuwa mimi." Nikasogeza uso kwenye kompyuta.

Ikakataa.

Nikacheka kidogo, nikasema mwanga ni mbaya. Nikajaribu tena na tabasamu kubwa zaidi. Ikakataa. Na mie badala ya kutulia nikafikiri, nikarembua zile kope nikajaribu mara ya tatu.

"MWIZI! MWIZI JAMANI!"

Sauti ya Mjomba ikatoka kwenye spika za ukumbi na kwenye simu za wachongaji wote kwa pamoja, kila simu imechelewa kidogo kuliko ya jirani yake, ikawa kama ukoo mzima wa kina Mjomba umefufuka unapiga ukunga. "Anachukua vinyago! Mkamateni!" Na kwenye kila simu, picha yangu, midomo nimeibinua, macho ya kijivu. Mjomba mwenyewe alisimama akaangalia huku na huku akauliza, "Nani anaongea kwa sauti yangu?"

Nikafunga kompyuta, kengele haikukoma. Nikabonyeza kila kitu, haikukoma (niliibuni isizimwe na mwizi, na kwa wakati ule mwizi nilikuwa mie). Nikasema basi nirudishe uso wangu. Nikavua wigi mbele za watu, nikabandua kope, nikatoa lenzi, nikakimbilia bombani uani nikajisugua na sabuni ya kufulia. Nikarudi nachuruzika maji, kanga ya Mama begani, na mlangoni nikakutana na mafundi wa ile gereji, wameacha magari wamekuja mbio na spana zao kwa kusikia ukunga. Mmoja akanionyesha simu aliyompokonya mchongaji. "Sista, huyu mwanamke kapita wapi?"

Nikamwangalia. Nikaiangalia picha. Na shetani akanipitia nikasema, "Kaelekea kule."

"Hajaelekea popote," Mama akadakia kutoka ndani, "ndiye huyo huyo!" (Mama yangu hajui kunyamaza.) Mafundi wakanitazama, wakaitazama picha, wakanitazama tena, na yule wa spana akasema taratibu, "Dah, kazi ya mikono hii." Wakavuta viti wakakaa, gereji ikalala siku hiyo.

Sasa uso wangu halisi nikauweka mbele ya kompyuta, na kompyuta ikaniandikia kwa adabu kwamba nimekosea mara tatu, ghala limejifunga, aitwe mlinzi wa pili. Hapo ndipo nilipojua nimejifungia nje. Kwa sababu kwenye ile hataza mwenyewe niliandika, kwa mbwembwe, kwamba ghala likijifunga halifunguki mpaka mlinzi wa kwanza atamke neno la siri kwa sauti yake, na mlinzi wa pili akubali kwenye simu yake. Na mlinzi wa pili, tangu siku za mwanzo kabisa za mfumo ule, alikuwa ni Selemani, aliyekuwa mchumba wangu. Tuliachana kwa amani, akahamia Kawe akaoa, na mie nilikuwaga najiambia nitamtoa kwenye mfumo wiki ijayo.

Nikampigia. Nikasahau kwamba simu iko kwenye spika za ukumbi; kengele ikabaki kwenye simu za wachongaji tu, na spika zikabeba maongezi yangu.

"Haloo?" Sauti ya mwanamke.

"Samahani dada, namwomba Selemani."

"Anaoga. Wewe nani?"

"Mie Tausi."

"Tausi yupi? Yule wa zamani?"

Ukumbi mzima ukaguna, "Mmmh!"

"Dada, ni ishu ya kazi tu, mumeo ndiye mlinzi wangu wa pili."

"Mlinzi wako wa pili! Na mbona nasikia watu wanacheka na mwingine anaita mwizi?"

Mjomba akaninyang'anya simu. "Mwanangu, mimi ni mjomba wake. Tuko kwenye kikao cha watu wazima, hakuna baya."

"Shikamoo Mjomba." Sauti ilibadilika pale pale.

"Marahaba. Mpelekee mumeo simu, tunaungua huku."

"Nampelekea, lakini nasimama hapa hapa nasikiliza."

Tukasikia mlango, tukasikia maji yanafungwa, kisha Selemani, "Tausi? Nina povu kichwani, kuna nini?" Nikamwambia afungue mfumo kwenye simu yake. "Ehee, naona picha ya mwizi. Huyu nani? Mbona mzuri hivi?"

"Selemani!" Mkewe.

"Ni mie!" nikapiga kelele. "Wewe kubali tu!"

"Inasema kwanza utamke neno la siri."

Hapo ningepasukiwa na ardhi ningeshukuru. Nikamgeuzia ukumbi mgongo, nikanong'ona. Kompyuta ikajibu: "Sauti haisikiki. Tamka kwa nguvu." Nikasema tena, wastani. "Tamka kwa nguvu." Mjomba akaniambia, "Mwanangu, sema tu, hapa sote tuna njaa." Nikafumba macho, mbele ya Mama, Mjomba, Bi Rehema na gereji nzima, nikapaza sauti:

"KASHATA WANGU WA NAZI!"

Kengele ikakatika. Simu zote kimya. Ghala likafunguka, vinyago vikajitokeza ukutani vinazunguka kimoja kimoja, vizuri kweli kweli, na hakuna hata mtu mmoja aliyevitazama, kwa sababu kwenye spika mke wa Selemani alikuwa anasema, polepole, "Kashata wa nazi? Selemani, si ndivyo unavyoniita mimi?"

Simu ikakatwa. (Nilikuja kusikia kwamba Selemani alipona, ila ilimbidi atafute jina jingine.)

Nilikaa chini nikangoja waondoke. Hawakuondoka. Walicheka mpaka mafundi wa gereji wakashikana mabega, na kicheko kilipoisha Bi Rehema akafuta machozi akasema, "Mimi nimeonyeshwa mifumo mingi, na yote aliyeitengeneza ana mlango wake wa uani. Huu umemkatalia mwenyewe mbele ya mama yake. Ndio ninaoutaka." Mchongaji mmoja wa nyuma akaunga mkono kwamba kama mwenyewe kateseka vile, mwizi atalia. Siku ile ile wakakubali kutukabidhi vinyago vyao, na Mjomba akasimama akashangiliwa kuliko mie, eti kwa sauti yake.

Kwa hiyo kazi nilipata. Heshima ndiyo inarudi taratibu, nikikatiza Chang'ombe bado kuna fundi anachungulia toka chini ya gari na kuita "Kashata!" nami naitika, nifanyeje. Nimeapa siku ya kazi naenda na uso alionipa Mungu, na Selemani nilimtoa kwenye mfumo jioni ile ile. Nanyi marafiki zangu, la kuwaachia ninalo moja tu: neno la siri, kabla hujaliweka, litamke kwanza kwa sauti mbele ya mama yako. Likikushinda, tafuta jingine.