Nilimwibia wifi yangu mafuta ya jua

Jina langu msiliandike. Nilichofanya nilikifanya na akili zangu timamu, hakuna aliyenilazimisha.

Miaka ya tisini, vipodozi vilipoanza kumiminika Moshi, nilikuwa na meza ya losheni pale mtaa wa Pasua. Mwenyewe nilikuwa najichubua. Uso ukawa mweupe kweli, ila jua likawa linanibabua.

Nyumbani tuliishi na Anjela, dada mdogo wa mume wangu. Alikuwa albino, akiuza ndizi sokoni, juani kutwa. Sista mmoja wa zahanati alimletea mafuta ya kukinga jua kwenye kopo jeupe. Madukani hayakuwepo.

Nikayatamani. Nikayahamishia kwenye kopo langu, lake nikajaza losheni ya glisirini. Ukiyaangalia hayana tofauti. Nilijua fika glisirini inalainisha ngozi tu, jua inaliacha lipite. Ndiyo kazi niliyokuwa nafanya, ningekosaje kujua?

"Wifi, ya safari hii mazuri," Anjela akaniambia. "Ngozi imelainika kama ya mtoto."

"Hata mimi naona," nikajibu. Na nilicheka.

Kila sista alipoleta kopo, nikafanya vilevile. Anjela aliyaamini mpaka akaacha kuvaa kofia. Midomo ikapasuka. Kikatokea kidonda sikioni, kikagoma kupona.

Mume wangu akamgombeza. "Unapewa mafuta hupaki!"

"Napaka, kaka. Muulize wifi."

Nikasema, "Labda huwa anasahau."

Hospitali wakasema ni saratani. Walimkata sikio, lakini ilikuwa imeshasambaa shingoni. Sista alipokuja kumwona alichukua lile kopo, akajipaka mkononi, akasugua. "Haya siyo niliyoleta. Hii ni losheni ya glisirini."

Chumbani tulikuwa sisi watatu na mume wangu. Wote wakanigeukia mimi, muuza losheni.

Anjela hakunifokea. Sauti yake ilikuwa imeshakuwa ndogo. "Wifi, ungeniomba tu. Tungegawana."

Tulimzika kwao, Kibosho, kwenye kihamba, shamba la ukoo la baba yake. Nasema tulimzika, lakini mimi niliishia barabarani. Mama mkwe alinizuia kuingia. Mume wangu alinirudishia nguo zangu hukohuko, mbele ya watu, ndoa ikaishia hapo.

Wewe unayeishi na mtu anayehitaji mafuta ya jua, usiyaguse, hata kidogo kwa kujaribu. Na ngozi yake ikilainika, usidhani imekingwa. Anjela alikufa na ngozi laini.