Zamu ya Desemba

Kwetu Tanga, mwanamke anayetaka fedha nyingi kwa mpigo hucheza upatu. Akitaka zaidi, anacheza namba mbili. Basi nilipopata kazi ya kufua mashuka ya hoteli mtaa wa Point, huko Durban, Afrika Kusini, nikaletewa fomu ya mfuko unaokatwa kwenye mshahara, sikuuliza kitu; nikajua ni upatu wa kazini. Nikajaza kiasi kikubwa, na baada ya miezi mitatu nikaomba waongeze. Nilijua zamu yangu itafika Desemba, nimlete Durban binti yangu wa miaka minane, pamoja na mama yangu aliyekuwa akimlea.

Nani aliniambia Desemba? Hakuna. Nilijiambia mwenyewe, na mie nikishajiambia jambo sisikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini.

Niliyepanga naye chumba, Mkongo msusi wa saluni, ndiye aliyeisoma karatasi yangu ya mshahara. Kwao upatu ni likelemba. "Dada, hii haiko likelemba," akasema. "Hii ni ya uzee. Utaipata na miaka hamsini na tano."

Nilikuwa na thelathini. Nikamnunia siku mbili, maskini, utadhani yeye ndiye aliyenikata.

Karani wa mishahara, mama wa Kihindi mwenye miwani, alipiga hesabu mara mbili. Mfuko una kikomo cha makato, akasema, na ofisi ilinikata kupita kikomo bila kugundua. Kilichozidi kingerudishwa. Kilichobaki ndani ya kikomo kingekaa huko mpaka nizeeke. Nikasaini barua ya kukiri kwamba nilikosea, nikangoja wiki saba. Kila Ijumaa nilisimama dirishani kwake, naye akatikisa kichwa kabla sijafungua mdomo.

Ziada ikarudi. Ilitosha nauli moja.

Kwenye simu nilishindwa pa kuanzia, mama akanisaidia. "Mchukue mtoto. Mie sina haraka."

"Nauli yako ipo, mama. Imefungiwa tu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nifike hamsini na tano."

Akacheka. "Basi kula vizuri, ufike."

Binti yangu aliletwa na mfanyabiashara wa kwetu. Aliniamkia kama anavyoamkia mgeni, kisha akauliza bibi atalala wapi akija. Nikamwonyesha kitanda cha dirishani. Iliniuma.

Mama hakuja. Kila nauli niliyoikusanya baadaye iligeuka ada, kodi ya chumba, mwisho dawa zake mwenyewe. Tulimzika miaka kumi na moja iliyopita.

Mwaka huu nimetimiza hamsini na tano. Mfuko umenilipa bila usumbufu, ndani ya mwezi mmoja. Binti yangu akaniuliza nitazifanyia nini hizo fedha.

"Ni nauli ya bibi yako," nikamwambia.

Mpaka leo sijazigusa.