Kasmuri, Msoma Maji wa Tambakwungu

Kasmuri alipewa kazi ya kusoma bahari mwaka 1987, akiwa na miaka ishirini na tisa, kwa sababu moja tu: nyumba yake ndiyo iliyokuwa karibu na gati kuliko zote. Wahandisi walikuja kijijini kwetu Tambakwungu na nguzo ndefu iliyochorwa sentimita kwa rangi nyeusi na nyeupe, wakaisimamisha majini. Kando yake wakajenga kibanda. Ndani ya kibanda wakaweka mashine ya saa, yenye karatasi iliyoviringishwa kwenye pipa dogo, na kalamu iliyopanda na kushuka kufuatana na boya lililoelea ndani ya bomba. Kazi yake ilikuwa kusoma nguzo mara tatu kwa siku na kuandika daftarini, kuitia saa ufunguo, na kubadilisha karatasi kila Jumatatu.

Mhandisi mzee aliyemkabidhi funguo alimwambia, "Usiruke siku. Bahari haisomeki kwa mwaka mmoja. Inataka miaka ishirini, thelathini, bila pengo."

Mtu mwingine angeyasikia maneno hayo na kuyasahau. Kasmuri aliyachukua kama amana.

Mimi ni jirani yake, Tarmuji. Nilikuwa na mashua ya injini ya kubebea samaki wa mabwawa, mwatiko hasa, na nilikuwa nikiifunga hatua arobaini kutoka mlangoni kwake. Kila alfajiri nilimwona akipita na daftari lililofungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mkewe, Muntiah, alikuwa mcheshi, na ile nguzo alikuwa ameshaipa jina.

"Nenda basi," angemwambia kwa sauti ya kusikika hadi kwangu, "mke mwenzangu anakungoja. Kasimama majini tangu jana, maskini, na wewe bado unatafuta kofia."

"Yeye hanisemi," Kasmuri angejibu.

"Angekuwa anapika angekusema."

Muntiah hakuwahi kwenda shule. Tarakimu alijifunzia kwenye daftari lile. Mumewe alipopata homa ya mbu, ni yeye aliyekwenda gatini siku tisa mfululizo, akaandika kwa mwandiko mkubwa kama wa mtoto. Siku haikurukwa.

Miaka ya mwanzo hakuna aliyejali alichokuwa akiandika. Kisha maji yakaanza kuja mahali yasipokuwa yakifika. Kwanza yalivuka kingo za mabwawa siku za bamvua, maji yanapojaa sana. Baadaye yakavuka hata siku za maji mafu, yanapojaa kidogo tu. Mabwawa ya upande wa kaskazini yakawa bahari, samaki wakaenda zao. Watu wakapandisha sakafu kwa vifusi, mara moja, mara mbili, hadi nyumba nyingine mtu akawa anaingia ameinama kama anaingia kwenye banda la kuku. Kwenye mikutano watu wakamgeukia Kasmuri, nusu kwa mzaha.

"Wewe ndiye unayeiandika," mkuu wa kijiji alimwambia siku moja. "Hebu andika imeshuka, tupumzike."

"Naandika ninachokiona, Mkuu."

"Basi vaa miwani."

Watu wakacheka, naye akacheka. Lakini walimwamini. Kutokana na madaftari yake alitengeneza jedwali la saa za maji kujaa na kupwa, akalibandika ukutani msikitini. Harusi zilipangwa kwa jedwali lile. Maiti walizikwa kwa jedwali lile, maana barabara ya kwenda mjini ilikuwa imeanza kufunikwa kila siku kwa saa kadhaa. Kasmuri akisema saa nane utapita bila kulowesha viatu, ulipita bila kulowesha viatu.

Muntiah alitaka wahame. Kaka yake alikuwa na nyumba Ungaran, kule milimani, akawawekea chumba. Binti yao wa pekee, Zumrotun, alishaolewa mjini Semarang.

"Kule tutalala pakavu," Muntiah alimwambia mbele yangu.

"Tuumalize mwaka huu kwanza. Daftari lisikatike katikati."

"Hata mwaka jana ulikuwa na Disemba, baba Zumrotun."

Mwaka ukaisha, ukaanza mwingine.

Juni mwaka 2012 Muntiah alikwaruzwa mguu na bati lililokuwa limezama jikoni. Kidonda kilikuwa kidogo, wala hakukijali. Aliendelea kupika akiwa amesimama kwenye maji, kama wanawake wote wa kijiji. Baada ya wiki moja alishikwa na homa, na siku ya tano macho yakawa manjano. Muuguzi wa zahanati akaja asubuhi akiwa amepandisha suruali, akamtazama, akasema ni ugonjwa wa mkojo wa panya unaoletwa na maji machafu, apelekwe hospitali leo leo, isifike kesho.

Barabara ilikuwa chini ya maji hadi mapajani. Nilikwenda nikasimama mlangoni kwao.

"Kaka, mashua ipo. Tumpakie."

Kasmuri alikuwa na jedwali mkononi. "Kwa mashua ni saa moja na nusu, na mlango wa mto una mawimbi. Atalowa na baridi. Saa saba maji yatakuwa yamepungua, gari la zahanati litapita. Ni dakika ishirini tu. Nimeshapiga hesabu."

Nilimwangalia Muntiah kitandani. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali.

"Mwache," akaniambia kwa sauti ndogo. "Yeye anayajua."

Nami nikamwacha. Sikuona cha kubishia. Katika maisha yangu sikuwahi kuona jedwali lile likikosea kwa zaidi ya nusu saa.

Saa saba Kasmuri alikwenda kwenye nguzo. Maji hayakuwa yamepungua. Yalikuwa yameongezeka sentimita nne. Upepo ulikuwa umegeuka, unavuma kutoka baharini moja kwa moja, na maji yaliyotakiwa kurudi yalikuwa yamezuiwa pale pale. Alisubiri hadi saa nane. Nilimwona kwa mbali, amesimama gatini anaitazama nguzo kama mtu anayemtazama shahidi aliyegeuka. Kisha akaja akikimbia majini.

"Tarmuji. Lete mashua."

Tulimlaza juu ya godoro, tukamfunika turubai. Kasmuri alikaa chini, kichwa cha mkewe mapajani. Karibu na mlango wa mto Muntiah alifumbua macho.

"Umeshaandika ya adhuhuri?"

"Bado."

"Utaruka siku," akasema.

Hakusema tena. Tulipofika mahali ambapo barabara inaonekana alikuwa ameshakata roho. Alikuwa na miaka arobaini na saba.

Zumrotun alifika siku ile ile. Hakulia mbele ya watu. Baada ya hitima ya siku ya saba, tulipokuwa tukikunja mikeka, alimuuliza baba yake, "Mashua ilikuwa wapi asubuhi ile?"

"Ilikuwa hapo."

"Hapo mlangoni?"

"Ndiyo, mwanangu."

Zumrotun akachukua mkoba wake akaondoka. Miaka sita hakukanyaga Tambakwungu. Alipiga simu sikukuu za Idi tu, akauliza kama baba yake yu mzima, akakata.

Baadaye nililiona daftari la mwaka ule. Siku ya kifo ina tarakimu zake tatu, hakuna pengo. Kwenye safu ya maoni ameandika: "Upepo wa bahari. Maji hayakupungua kama ilivyotarajiwa." Lile jedwali la msikitini alilibandua mwenyewe. Watu walipomwomba saa za maji aliwaambia, "Kaangalieni wenyewe."

Mwaka 2016 alikuja mtafiti kijana, binti aitwaye Ningtyas. Yeye na wenzake walifunga chombo kipya kwenye mkono wa chuma, kinapima maji kwa mawimbi ya redio na kutuma tarakimu chenyewe kila dakika. Juu ya gati wakaweka na sahani ya kupokea ishara za satelaiti, ya kupima kama ardhi inasogea. Kalamu na pipa vikapumzishwa, na Kasmuri pia. Lakini binti yule alimheshimu. Alipiga picha kurasa zote za miaka ishirini na tisa, akarudi mwaka uliofuata na karatasi yenye mistari miwili.

"Mzee, huu mstari wa chini ni bahari yenyewe. Imepanda, lakini kidogo. Huu mwingine ni nchi. Katika kila sentimita kumi ulizoandika, karibu tisa ni ardhi iliyodidimia. Visima virefu vimenyonya maji yaliyokuwa chini yetu."

Kasmuri aliitazama karatasi kwa muda mrefu. "Nguzo nayo ilikuwa inazama?"

"Nguzo, gati, nyumba, vyote pamoja."

"Basi niliandika uongo."

"Hapana, Mzee. Uliandika kweli. Bila daftari lako tusingejua tumezama kiasi gani."

Akamtajia tarehe moja ya Juni 2012 na upepo wa siku ile, akamuuliza kama mashine mpya ingejua. Ningtyas hakujua kwa nini anaulizwa. Alisema upepo kama ule haumo kwenye jedwali, hata mashine ingeuona pale tu unapofika. Kasmuri akamshukuru. Mimi nilikuwapo, na niliona maneno yale hayakumpunguzia kitu.

Mwaka 2018 maziara yalifunikwa kabisa, kijiji kikakubaliana kuhamisha makaburi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita Kasmuri alikaa kupiga hesabu za maji, akatafuta siku ya kupwa sana. Akanipa tarehe na saa.

"Na mashua ulete," akaniambia.

"Kaka, patakuwa pakavu."

"Ilete."

Maji yalipwa kama alivyosema. Mashua yangu ililala upande kwenye tope. Zumrotun alikuja na mumewe na gari, amevaa viatu vya mpira, akamwambia baba yake asishuke kaburini. Akashuka yeye. Tulipomtoa Muntiah alikuwa amebaki kidogo sana, akatosha kwenye kitambaa kimoja cheupe. Zumrotun ndiye aliyembeba hadi barabarani.

Kasmuri alibaki amesimama kwenye tope, hajui afuate au abaki. Zumrotun akageuka.

"Baba, umekula?"

"Bado."

"Panda gari."

Muntiah alizikwa Ungaran, na Kasmuri akaingia katika kile chumba cha shemeji yake. Aliishi humo miaka mitatu, hadi alipofariki. Zumrotun alikwenda kila Ijumaa na tempe ya soya na wali. Aliniambia kwamba hawakuwahi kuizungumza asubuhi ile, hata siku ya mwisho. Alitaka kumwambia baba yake kwamba amemsamehe, lakini kila akianza, mzee alikuwa akiuliza habari za wajukuu.

Sisi tuliobaki Tambakwungu tuko nyumba kumi na moja.